Kitoweo cha Nani? Kuku, Mbuzi na Kanuni za Euless

Kanuni za mji wa Euless, jimboni Texas, zilikataza mtu kuua mnyama kwa makusudi ndani ya mipaka ya mji, kisha zikaweka ruhusa chache. Mojawapo ilimhusu kuku. Mkazi aliweza kuua, ndani ya nyumba yake au katika kiwanja chake, ndege wa kufugwa wanaohesabiwa kuwa chakula cha kawaida cha mezani, mfano kuku au bata mzinga. Neno la Kiingereza lililotumika ni “tablefare”, na ni nadra kulikuta katika maandishi ya sheria. Limezoeleka zaidi midomoni mwa wavuvi na wawindaji wa Marekani, wanaolitumia kumpima samaki aliyenaswa au ndege aliyepigwa risasi: huyu anafaa kuliwa, huyu mrudishe majini. Sisi tungesema kitoweo. Neno hili limebeba, bila kulitaja, jibu la swali ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa maelfu ya miaka: ni nini kinachompa binadamu haki ya kutoa roho ya mnyama? Jibu la Euless lilikuwa kwamba haki hiyo inatokana na mazoea ya kula. Ndege akishahesabiwa kuwa kitoweo, kisu kimeruhusiwa, na hakuna la kuulizwa zaidi. Naliona jibu hilo limepinduka juu chini, na kesi iliyozaliwa na kanuni hizo inaonyesha kwa nini.

Euless ni mji wa watu zaidi ya 60,000, katikati ya Dallas na Fort Worth, ubavuni mwa uwanja mkubwa wa ndege wa DFW. José Merced, mzaliwa wa Puerto Rico, alihamia huko mwaka 1990. Yeye ni kuhani wa Santería, dini iliyokulia Kuba kutokana na imani za Wayoruba waliopelekwa huko utumwani. Waumini wake huwatumikia orisha, nguvu za kiroho zinazosimama kati ya Mungu Muumba na wanadamu, na utumishi huo unajumuisha kuwalisha. Kwa kawaida dini hiyo haina mahekalu ya hadhara. Madhabahu ni nyumba ya kuhani. Anapowekwa kuhani mpya huchinjwa mbuzi au kondoo kadhaa, kuku na ndege wengine, na kobe. Kisu huingizwa shingoni kukata mshipa mkubwa, damu hukingwa katika vyungu na kutolewa kwa orisha, kisha nyama hupikwa na kuliwa na waliohudhuria. Asiyeliwa ni yule aliyechinjwa ili kumtoa mtu ugonjwa, au katika ibada za kifo, kwa sababu huaminika kwamba amebeba kile alichoondolewa mtu. Merced aliendesha ibada hizi nyumbani kwake kwa miaka 16. Mwaka 2006 aliambiwa na mji kwamba haziruhusiwi na kwamba hakuna kibali cha kuombwa. Desemba mwaka huo akafungua kesi. Mahakama ya shirikisho ya ngazi ya chini iliupa mji ushindi mwaka 2008, lakini tarehe 31 Julai 2009 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikaitengua hukumu hiyo kwa kutumia sheria ya Texas ya mwaka 1999 inayolinda uhuru wa dini. Majaji waliona kwamba miaka 16 ilikuwa imepita bila mji kuweza kuonyesha hatari kwa afya ya watu wala ukatili wa kupita kiasi kwa wanyama.

Ugomvi, basi, ulikuwa hasa juu ya mbuzi. Kuku alikwisha kusamehewa na neno lile moja. Mtetezi wa kanuni hizo anayo hoja hapa, na ni hoja ya haki: kifungu hakikumuuliza mtu nia yake. Kilitaja aina ya ndege, basi. Mwenye kumchinja kuku kwa ajili ya mchuzi wa Jumapili na mwenye kumchinja kwa ajili ya orisha, wote wawili wangepita katika mlango mmoja, kwa kuwa kuku ni kuku. Ni kweli. Lakini swali limehamishwa tu, halijajibiwa. Kama kipimo ni aina ya mnyama, na aina hiyo inapimwa kwa kuwa kitoweo cha kawaida, lazima tuulize kawaida hiyo ni ya meza gani. Bata mzinga, anayepikwa na Wamarekani kila Alhamisi ya nne ya Novemba, ni mfano uliotajwa kwa jina. Katika nyumba nyingi za Mombasa au Tanga mtu anaweza kuzeeka bila kumwonja. Mbuzi hakutajwa, ingawa kwa Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Dallas, Fort Worth na Houston hakuna kitoweo cha kawaida kuliko yeye. Arusi, msiba, Idi, kumpokea mgeni aliyetoka nyumbani: mbuzi hakosekani, na wako wanaoendesha gari hadi mashambani, nje ya mji, ili wamchague akiwa hai. Euless kwenyewe kuna Watonga wengi, ambao familia zao zilianza kufika miaka ya 1970 na kupata kazi katika uwanja wa ndege. Kwao nguruwe mzima aliyeokwa ndiye karamu. Mji wenye meza za namna zote hizo uliandikiwa kanuni kana kwamba unakula kwenye meza moja.

Mtu anaweza kusema huo ni upungufu wa orodha tu: ongeza mbuzi, ongeza nguruwe, mambo yatakwisha. Sidhani. Orodha ndefu zaidi ingeacha fikra ileile mahali pake, kwamba kuua kwa sababu ya kula hakudai maelezo, na kuua kwa sababu nyingine yoyote kunadaiwa. Mji wa Hialeah, huko Florida, uliiandika fikra hiyo wazi mwaka 1987, pale kanisa la Lukumi Babalu Aye, la dini hiyohiyo ya Santería, lilipotangaza kwamba litafungua nyumba ya ibada mjini. Baraza la mji likapitisha kanuni zilizoitafsiri kafara kuwa ni kumuua au kumtesa mnyama bila ulazima, katika ibada ambayo lengo lake kuu si chakula. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani ilizitupa kanuni hizo, majaji wote tisa wakikubaliana juu ya matokeo. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu, alionyesha kwamba karibu kila aina nyingine ya kuua iliachwa: uwindaji, uvuvi, machinjio, hata uchinjaji wa Kiyahudi. Uzio ulikuwa umezungushwa mpaka ndani akabaki muumini mmoja tu. Euless haikufanya uovu huo. Lakini neno “ulazima” la Hialeah na neno “kawaida” la Euless yamechota katika kisima kimoja, nacho ni imani kwamba tumbo ni sababu iliyokwisha kuthibitishwa.

Ukirudi nyuma katika historia ya dini, utaona mambo yalianza upande wa pili. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 17, Mwisraeli aliyechinja ng'ombe, kondoo au mbuzi bila kumleta mlangoni pa hema ya Mungu alihesabiwa kuwa ana hatia ya damu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 12, ndiyo inayolegeza: anayekaa mbali na mahali patakatifu anaweza kuchinja mjini kwake akala, mradi damu aimwage ardhini asiile. Yaani kuchinja kwa ajili ya chakula tu ndiko kulikokuwa ruhusa ya pekee, na kafara ndiyo iliyokuwa kanuni. Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, walimu wa Talmudi walifundisha kwamba meza ya mtu sasa humfanyia upatanisho uliokuwa ukifanywa na madhabahu. Wakristo nao huiita ibada yao kuu Meza ya Bwana. Madhabahu na meza, katika kumbukumbu ndefu ya wanadamu, ni samani moja. Kinachoonekana kigeni katika sebule ya Merced, kwamba wageni wanakula nyama ileile ambayo damu yake imetolewa juu, kilikuwa ndicho chakula cha nyama katika sehemu kubwa ya ulimwengu wa kale.

Jiko la Mswahili linaijua hali hii bila kufundishwa na wanahistoria. Kuku anapochinjwa uani, mchinjaji humlaza ameelekezwa kibla, mabawa yamekanyagwa kwa mguu mmoja na miguu kwa mwingine, shingo imenyooshwa. Kisu kimenolewa mapema, mbali na macho ya mnyama. Jina la Mungu linatajwa, koo na mishipa inakatwa kwa mkupuo, kisha anaachwa. Hatiwi kwenye maji ya moto wala hanyonyolewi mpaka ametulia kabisa, roho imetoka. Ndipo kazi ya mapishi inapoanza: kunyonyoa, kubabua vinyoya vilivyobaki juu ya moto, kupasua, kutoa firigisi. Kama kuku yuleyule wa banda lilelile angekutwa amekufa asubuhi, ni kibudu, na hakuna viungo vitakavyomfanya kitoweo. Katika jiko hilo aina ya ndege haitoshi kumruhusu kuliwa. Mkristo wa Tanga anayemwita jirani Mwislamu amchinjie kuku ili kila mgeni apate kula anaikubali kanuni hiyo hata kama si ya dini yake. Na nyumba ambazo kuku mweupe au mweusi huchinjwa kwa tambiko hufika palepale kwa njia nyingine: uhai unaombewa ruhusa kabla haujachukuliwa.

Hoja yangu imesimama hapo. Mazoea hayawezi kuwa sababu ya kuua, kwa kuwa mazoea hayasemi lolote zaidi ya kwamba jambo limekuwa likifanyika. Mtu anayesimama mbele ya kuku na kutaja jina lililo kubwa kuliko yeye, awe sahihi au amekosea kuhusu jina hilo, amekubali angalau jambo moja: kwamba roho ile si mali yake na kwamba anahitaji idhini. Anayechinja kwa sababu ndivyo tunavyokula hajakubali hata hilo. Sheria inayompitisha wa pili bila swali na kumsimamisha wa kwanza mlangoni imemtilia shaka yule aliyejitahidi kutoa hesabu.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka kwa wanaomtetea mnyama mwenyewe. Wanasema: kuku hasikii jina lililotajwa, anasikia kisu. Idhini mnayoizungumza mnajipa wenyewe, naye hakuulizwa. Sina jibu la kulifuta pingamizi hili, na sitaki kulifuta. Dua haipunguzi maumivu hata chembe. Kinachoweza kuyapunguza ni ukali wa kisu, ustadi wa mkono, muda mfupi wa kufungiwa, kutomwacha mnyama akimtazama mwenzake akichinjwa, na haya yote sheria ina haki ya kuyaamuru kwa kila mtu, kuhani na mpishi sawasawa. Lakini anayeleta pingamizi hilo lazima alifikishe mwisho wake. Marekani huchinja kuku zaidi ya bilioni 9 kwa mwaka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 iliyoagiza wanyama wa machinjioni wapotezewe fahamu kwanza haimhusu kuku hata kidogo. Texas ni mojawapo ya nyumba za biashara hiyo. Kampuni ya Pilgrim's Pride ilianzia katika mji mdogo wa Pittsburg, mashariki mwa jimbo, mwaka 1946. Kiwandani ndege huning'inizwa miguu juu kwenye pingu za chuma, kichwa hupitishwa katika maji yenye umeme, kisha shingo hukutana na kisu kinachozunguka, na mkanda mmoja unaweza kupitisha ndege 140 kwa dakika. Asiyekula nyama kabisa, akimlaumu Merced, analaumu kwa haki inayolingana. Lakini mji unaoruhusu kila duka lake kuuza kuku wa mkanda ule hauwezi kumkataza mtu kisu cha mkononi kwa sababu ya huruma peke yake.

Mashine hiyo, lazima niseme, imewagusa hata wanaoshikilia kutaja jina. Mwislamu anayenunua kuku Houston mwenye lebo ya halali hukuta ndani ya neno hilo tafsiri mbalimbali: wapo wanaochinja kila ndege kwa mkono na kumtajia jina la Mungu mmoja mmoja, na wapo wanaotumia kisu cha mashine huku mtu amesimama kando akisoma bismillahi. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi. Mimi nawaelewa vyema wanaokataa mashine. Kutaja jina la Mungu juu ya mkanda ni kuurudisha uchinjaji kwenye kawaida, na kuwa dhidi ya kawaida ndiyo iliyokuwa kazi ya jina hilo.

Afya ya mji ni pingamizi jepesi zaidi. Damu na mabaki vinaweza kuleta nzi, panya na magonjwa, na hakuna dini inayompa mtu ruhusa ya kumwagia jirani uchafu wake. Lakini kifuko cha utumbo hakijui kimetoka kwenye ibada au kwenye mapishi. Hialeah iliambiwa jambo hilohilo na mahakama: mabaki ya mikahawa na ya wawindaji yalikuwa na hatari ileile bila kupigwa marufuku namna hiyo.

Pingamizi linalonigusa karibu zaidi ni la waumini. Mwislamu atasema nyama iliyotajiwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu ni haramu, na Mkristo atasema kuwalisha orisha ni ibada ya sanamu. Kwa nini basi tuitetee sebule ya Merced? Kwanza, kukitetea kisu chake mbele ya polisi hakutulazimishi kukaa mezani pake. Paulo aliwaandikia Wakorintho katika mji ambao nyama ya sokoni iliweza kuwa imetoka hekaluni, na ushauri wake uliwahusu wanaokula, dhamiri zao na dhamiri za ndugu zao. Hakuuomba mji uwafungie wapagani machinjio. Pili, Sura ya Hajj, aya ya 37, inafundisha kwamba nyama na damu za wanyama hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchaji wa mwenye kutoa. Kama jambo lenyewe liko moyoni, hakimu wa Texas ndiye wa mwisho kupewa kazi ya kulipima. Na kuna sababu ya kawaida zaidi: leo ni kobe wa Merced, kesho ni mbuzi wa Idi katika kiwanja cha Mswahili aliyehamia mtaa wa pili. Kanuni za Euless zisingewatofautisha. Wala hoja hii haifungui mlango kwa kila kitu kinachojiita ibada. Mganga anayedai kiungo cha mtu amekutana na katazo linalomhusu kila mtu, na nia yake haimtoi humo. Nia ya ibada haihalalishi kilichokatazwa kwa wote. Ninachodai ni kwamba isiharamishe kilichoruhusiwa kwa wote.

Liko pingamizi moja la nyumbani, na Watanzania watakuwa wamekwisha kulifikiria. Wataniambia: tazama yanayotokea dini inapokishika kisu cha mchinjaji. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa kwa watu wote uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Si bora kukifanya kisu kiwe cha kitoweo tu, kisicho na dini, kama Euless ilivyotaka? Uchungu wa tukio lile ni mkubwa na sitaki kulitumia kirahisi. Lakini chanzo chake, ninavyokiona, hakikuwa kwamba watu waliomba kabla ya kuchinja. Desturi ya muda mrefu ilimwachia Mwislamu kuchinja kwa ajili ya bucha ili kila mnunuzi aweze kula, na kwa miaka mingi ilikuwa ukarimu wa Wakristo kwa majirani zao. Ilipoanza kudaiwa kama haki ya kundi moja juu ya nyama ya wote, na kundi jingine likaikataa, ukarimu ukawa amri. Meza ya mmoja iligeuzwa kipimo cha meza ya wote, na hilo ndilo lililofanywa na neno la Euless, kwa upole zaidi na bila damu ya mtu. Dawa katika pande zote mbili inafanana: anayetaka nyama iliyochinjwa kwa namna yake aipate, ijulikane imetoka wapi, na asiyeitaka asilazimishwe kuila.

Kanuni ya mji inayojua mipaka yake ingeandikwa bila shida. Ingetaja ukubwa wa banda na saa ambazo mnyama anaweza kufungiwa humo, kisu kiweje, mnyama ashikwe vipi, watoto wa jirani wasione, damu na mabaki yafungwe na kutupwa wapi na kabla ya muda gani. Ingemhusu mbuzi kama kuku, na kuku wa pilau kama kuku wa madhabahu. Isingehitaji kumtaja ndege yeyote kuwa kitoweo cha kawaida, kwa kuwa isingedai kujua watu wa Euless wanakula nini wala wanaomba kwa nani kabla ya kula.